Kujithamini au kujihurumia: kipi kinakushika mkono unapoanguka?

Mwambie mtu ajithamini, atakushukuru. Mwambie ajihurumie, huenda akanuna. Neno la kwanza linasikika kama pongezi, la pili kama tusi, kwa sababu katika mazungumzo ya kila siku anayejihurumia ni yule aliyejikunyata pembeni, anahesabu mikosi yake na kungoja watu waje kumbembeleza. Kwa hiyo rafiki akiachwa na mchumba tunamwambia "jithamini", mtoto akichekwa na wenzake tunamwambia "jithamini", na mtu akinyimwa kazi mara ya tano tunamwambia hilohilo. Majeraha ni mengi, dawa ni moja.

Nimeutoa ushauri huo mara nyingi, na nimeupokea pia. Ulinifaa siku ambazo mambo yalikuwa yananiendea vizuri. Siku niliyouhitaji hasa, siku nilipoharibu kazi mbele ya watu ninaowaheshimu, nilijaribu kujiambia kwamba mimi ni mtu wa thamani, na sauti ya ndani ikanijibu papo hapo: thamani gani, na ulichofanya leo kila mtu amekiona? Sikuwa na la kuijibu. Tangu hapo nimekuwa nikifuatilia namna wanasaikolojia wanavyoyatenganisha mambo haya mawili, na msimamo wangu nauweka wazi mapema: kujithamini ni kuzuri na heri kuwa nako, lakini ukitafuta cha kukushikilia siku mbaya, anza na kujihurumia. Zipo hali ambazo ningekushauri kinyume, nazo nitazifikia.

Kujipima na kujitendea

Kujithamini ni kujipima. Mtu anajitazama, anajilinganisha na kipimo fulani, anatoa jibu: natosha, au sitoshi. William James, mwanasaikolojia wa Marekani, aliliandika hilo mwaka 1890 kwa namna ya hesabu: chukua mafanikio yako, yagawe kwa matarajio yako, jibu ndilo kiwango chako cha kujithamini. Hesabu hiyo ina uchungu ndani yake. Mwenye mafanikio makubwa na matarajio makubwa zaidi anaweza kujiona si kitu, na mwenye machache aliyetarajia machache akalala usingizi mnono. Mwaka 1965 Morris Rosenberg alitunga dodoso la sentensi 10 linalomuuliza mtu iwapo, kwa jumla, ameridhika na nafsi yake na anajiona ana sifa njema. Mpaka leo dodoso hilo ni miongoni mwa vipimo vinavyotumiwa zaidi katika saikolojia.

Kujihurumia hakupimi. Kunauliza swali jingine kabisa: huyu anayeumia, ambaye ni mimi, nimtendeeje? Aliyelifanya jambo hili lichunguzike kisayansi ni Kristin Neff wa Chuo Kikuu cha Texas huko Austin, katika makala zake za mwaka 2003. Alilisuka kwa nyuzi tatu. Ya kwanza ni upole kwa nafsi mahali pa kujisuta. Ya pili ni kutambua kwamba kukosea na kuumia ni fungu la kila binadamu, usijione umebaki peke yako na aibu yako. Ya tatu ni kuyatazama maumivu kama yalivyo, bila kuyafukia na bila kuzama ndani yake. Dodoso lake lina sentensi 26, na linapima kila uzi pamoja na kinyume chake.

Ukiyaweka mambo haya sambamba, tofauti inayonigusa zaidi ni sharti la kuingia. Kujithamini kunakutaka uwe mzuri katika jambo fulani, au angalau ujione hivyo. Kujihurumia kunakutaka uwe umeumia tu, na hilo hakuna asiyelimudu.

Yanapokutana

Usiyadhanie kuwa maadui. Mtu mwenye alama za juu katika moja huwa nazo mara nyingi katika jingine, na yote mawili huandamana na furaha zaidi na sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) pungufu. Julia Sowislo na Ulrich Orth walipojumlisha mwaka 2013 tafiti zilizowafuata watu kwa muda, waliona kwamba anayejithamini kidogo leo yumo katika hatari zaidi ya kupata sonona baadaye, na kwamba mwelekeo huo una nguvu kuliko ule wa sonona kuja kushusha kujithamini. Hilo si dogo. Anayekuambia kujithamini hakuna maana anakudanganya.

Kwa upande wa kujihurumia, Angus MacBeth na Andrew Gumley walijumlisha mwaka 2012 tafiti 14 na kupata uwiano wa hasi 0.54 kati yake na dalili za sonona, wasiwasi na msongo, yaani kujihurumia kukipanda, dalili huelekea kushuka. Miaka mitatu baadaye Ulli Zessin na wenzake walipata uwiano chanya wa 0.47 kati ya kujihurumia na ustawi wa nafsi. Katika fani hii namba hizo ni kubwa. Zisikulevye hata hivyo. Peter Muris, mwanasaikolojia wa Uholanzi, amelalamika kwamba nusu ya dodoso la Neff linauliza habari za kujilaumu, kujitenga na kuzama katika majonzi, na mtu wa namna hiyo tayari yuko karibu na sonona. Basi uwiano usingekosa kuwa mkubwa. Naona ana hoja. Ndiyo maana mimi nazipa uzito zaidi tafiti za majaribio, na zile zilizowafuata watu wakiwa ndani ya shida yenyewe.

Jimbo lililotaka kila mtu ajithamini

Mwaka 1986 jimbo la California nchini Marekani liliunda tume rasmi ya kukuza kujithamini. Aliyeipigania alikuwa mbunge wa jimbo, John Vasconcellos, na matumaini yalikuwa makubwa: watu wakijithamini, uhalifu utapungua, dawa za kulevya zitapungua, mimba za utotoni zitapungua, watoto watafaulu shuleni. Tume ilitoa ripoti yake mwaka 1990, na wazo likasambaa madarasani. Watoto wakamwagiwa sifa, hata kwa kazi ambayo hawakuifanya vizuri. Wahenga walikwisha kuonya kuhusu mgema anayesifiwa akalitia tembo maji, na wanasayansi nao walihitaji muda kufika hapohapo.

Walifika mwaka 2003. Roy Baumeister na wenzake watatu walipitia rundo la tafiti na kugundua kwamba alama nzuri darasani huinua kujithamini kuliko kujithamini kunavyoinua alama. Kujithamini hakukuwazuia vijana kuvuta sigara wala kunywa pombe. Kipimo cha juu kilikusanya watu wa kila aina: watulivu wanaojikubali, na pia wenye majivuno wanaowatesa wenzao. Faida mbili zilisimama imara, nazo ni furaha, pamoja na ujasiri wa kuanzisha jambo. Kwa haki lazima niongeze kwamba Ulrich Orth na Richard Robins waliirudia hoja hiyo mwaka 2022 wakiwa na tafiti nyingi zaidi za muda mrefu, wakaonyesha kwamba faida za kujithamini zipo kweli katika mahusiano, masomo, kazi na afya, ingawa kila moja ni ya kiasi.

Kuwa na hali ya kujithamini, basi, hakuna ubaya. Ubaya uko katika kuifukuza. Mtu anayeamka kila siku ili athibitishe kwamba anafaa hawezi kusikiliza makosa yake, kwa kuwa kila kosa ni shahidi dhidi yake mahakamani.

Siku ya kuanguka

Hapa ndipo mambo haya mawili yanapoachana njia, na hapa ndipo nataka tukae.

Mark Leary na wenzake walieleza mwaka 1995 kwamba kujithamini ni kama ile saa ya mafuta kwenye gari. Kazi yake ni kutupa taarifa: tunakubalika na wenzetu au tunakaribia kutupwa nje. Ukikubaliwa mshale unapanda, ukikataliwa unashuka. Nilipolisoma wazo hilo nilielewa kwa nini neno "jithamini" liligonga mwamba kwangu siku ile. Tangi limekauka, nami nausukuma mshale kwa kidole.

Jennifer Crocker aliongeza jambo jingine. Kila mtu ana kigingi alichotundikia thamani yake: sura, sifa za watu, masomo, kuwashinda wengine, familia, uadilifu, upendo wa Mungu. Katika utafiti mmoja yeye na wenzake waliwafuatilia wanafunzi waliokuwa wakisubiri majibu ya maombi ya masomo ya juu. Jibu la kukubaliwa lilipofika, kujithamini kulipanda. La kukataliwa lilipofika, kulishuka. Waliokuwa wametundika thamani yao kwenye masomo ndio waliorushwa juu na chini zaidi. Michael Kernis naye alisisitiza kwamba urefu wa kujithamini hautoshi kuujua, uulizie pia uthabiti wake. Wapo wanaojithamini sana asubuhi na kujichukia jioni, na katikati kulikuwa na neno moja tu la bosi.

Sasa weka kujihurumia kando yake. Mwaka 2009 Neff na Roos Vonk walichunguza zaidi ya watu 2,000 nchini Uholanzi. Kujihurumia ndiko kulikoandamana zaidi na hisia thabiti ya thamani, isiyotegemea sana sura wala ushindi. Wenye kujihurumia hawakuhangaika sana kujilinganisha na wengine, wala hawakuwa wepesi wa hasira. Na wakati kujithamini kulikuwa na undugu na majivuno ya kujipenda kupita kiasi, kujihurumia hakukuwa nao. Tokeo hilo naliona la ajabu na zuri: ambaye hakuishika thamani yake kwa nguvu ndiye aliyebaki nayo.

Miaka miwili kabla ya hapo Leary, akiwa na timu nyingine, alifanya jaribio linalonigusa hata zaidi. Watu waliombwa wakumbuke tukio lililowaumiza, ambamo walishindwa, waliaibika au walikataliwa. Baadhi waliongozwa kuandika kwa kujihurumia, wengine kwa kujipa moyo kwamba ni watu wazuri. Walioandika kwa kujihurumia walitulia zaidi, na wakati huohuo waliikiri sehemu yao katika yaliyotokea. Mara nyingi vitu hivi viwili havikai chumba kimoja. Anayejitetea hutulia kwa kulikana kosa, na anayelikiri huungua. Hawa waliweza kusema "ndiyo, nilikosea" na bado wakapumua.

Upo pia utafiti wa waliovunjika ndoa. David Sbarra na wenzake walichukua watu 105 waliotengana na wenzi wao hivi karibuni, wakawarekodi kila mmoja akizungumza kwa dakika 4 kuhusu mwenzi huyo. Wasikilizaji waliofunzwa walikadiria ni kiasi gani kila sauti ilikuwa na upole kwa nafsi. Waliosikika wakijihurumia zaidi walisumbuliwa kidogo na fikra na ndoto za kuachana kule, na tofauti hiyo ilionekana hata miezi 9 baadaye. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2012. Dakika 4 za sauti ya mtu zilibeba habari za miezi yake ijayo.

Kama ningelazimishwa kubaki na utafiti mmoja tu katika ulinganisho huu, ningeuchukua wa Sarah Marshall na wenzake wa mwaka 2015. Waliwafuata maelfu ya wanafunzi wa sekondari nchini Australia kwa mwaka mzima. Kama ilivyotarajiwa, kijana aliyejithamini kidogo alielekea kuwa na afya mbaya zaidi ya akili. Lakini miongoni mwa waliojua kujihurumia, kujithamini kudogo kulikuwa na madhara machache sana. Kijana aliyejiona hafai hakudidimia, kwa sababu hakujipiga kwa ajili hiyo.

"Si nitabweteka?"

Hofu hii naisikia kila mara, hasa kwa watu wenye bidii. Wanaamini mjeledi wa ndani ndio uliowafikisha walipo, na wakiutua watarudi nyuma.

Juliana Breines na Serena Chen waliijaribu hofu hiyo mwaka 2012 katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley. Wanafunzi walipewa mtihani mgumu wa maneno, wengi wakafanya vibaya. Kundi moja likaambiwa kwamba ugumu ule ni wa kawaida, wengi huuona, wasijichukulie kwa ukali. Kundi la pili likaambiwa wasijisikie vibaya, kwani mtu aliyeingia chuo kile lazima ana akili. Kundi la tatu halikuambiwa kitu. Kisha wote wakapewa nafasi ya kujisomea kabla ya mtihani wa pili. Waliosoma kwa muda mrefu zaidi ni wa kundi la kwanza. Wale waliopandishiwa kujithamini hawakuwafikia. Katika jaribio jingine la mfululizo huo, watu walikumbuka jambo ambalo walimkosea mtu au walikiuka dhamiri zao, na waliopitia njia ya kujihurumia ndio waliotaka zaidi kurekebisha na kutorudia.

Maelezo ninayoyaona ya maana yanatoka kwa Paul Gilbert, mwanasaikolojia wa Uingereza aliyeasisi tiba inayojengwa juu ya huruma. Anasema ndani yetu kuna mfumo wa kukabili hatari, mfumo wa kutafuta na kufukuzia, na mfumo wa kutulia na kutunzwa. Unapojitukana, mwili hautofautishi sana kati ya tusi la jirani na tusi lako mwenyewe. Mfumo wa hatari unawaka, moyo unaenda mbio, na mtu aliye katika hali hiyo anatafuta pa kukimbilia au pa kujificha. Hawezi kufungua kitabu akasoma. Kikulacho ki nguoni mwako, tunasema tukimaanisha watu wa karibu, na hakuna aliye karibu kuliko sauti hii. Mjeledi unaweza kumkimbiza mtu umbali mfupi, sibishi. Wengi walioutegemea kwa miaka waliishia kuahirisha kila kitu, kwa sababu kuanza kazi kulikuwa sawa na kuanza kuchapwa.

Kujihurumia si kujionea huruma

Kiswahili kinatupa maneno haya mawili yakiwa yamekaribiana mno, na naamini nusu ya upinzani unatoka hapo. Anayejionea huruma anasema: kwa nini mimi tu? Anayejihurumia anasema: na mimi pia. Tofauti yote imo katika ule uzi wa pili wa Neff, wa ubinadamu tunaoshiriki. "Hujafa hujaumbika" ndiyo methali inayoubeba uzi huo vizuri kuliko maelezo yangu yote. Tunaitumia kumkanya anayemcheka aliyepatwa na janga, tukimkumbusha kwamba na yeye bado yuko njiani. Igeuze ujiambie mwenyewe unapokuwa wewe ndiye uliyepatwa: bado sijakamilika kuumbwa, hakuna aliyekamilika, na hili limenikuta kama linavyowakuta walio hai.

Jingine ni kujidekeza. Kulala hadi saa sita mchana na kuikwepa simu ya mdai si kujihurumia, ingawa huvaa nguo zake. Mzazi anayempenda mtoto hamwachii ale peremende usiku kucha. Anayejihurumia huuliza kitu gani kitamfaa, na wakati mwingine jibu ni kuipokea simu hiyo.

Kujithamini kunaposhinda

Nilisema zipo hali za kinyume. Ya kwanza ni pale mtu anapodharauliwa na mwingine kwa mazoea. Mwenzi anayekutusi, bosi anayekudhalilisha, ndugu anayekufanya mzaha wa sebule. Hapo sauti inayohitajika inasema "sistahili kutendewa hivi", na hiyo ni sauti ya kujithamini. Upole kwa nafsi utakuuguza jeraha, lakini mtu anaweza kujiuguza kila jioni na kurudi kila asubuhi palepale anapopigwa.

Ya pili ni pale unapotaka kuanza jambo usilowahi kulifanya. Ule ujasiri wa kuanza ambao Baumeister na wenzake waliukiri ni wa kweli. Anayeamini kwamba ana kitu cha kutoa hunyoosha mkono kwenye mkutano, hutuma ombi la kazi, humsemesha mtu asiyemjua.

Ya tatu ilinishangaza. James Donald na wenzake walichapisha mwaka 2018 utafiti uliowafuata vijana kwa miaka kadhaa ili kujua kipi hutangulia kingine. Waliona kujithamini ndiko kulikotangulia: kijana aliyejiona ana thamani alizidi kujihurumia miaka iliyofuata, lakini si kinyume chake. Nimelitafakari sana hilo, maana lilionekana kunivunjia hoja. Ninavyolielewa sasa, ni vigumu kumtendea wema mtu unayeamini hastahili wema. Mtoto aliyependwa na kuheshimiwa amepewa msingi ambao baadaye anausimamia kujihurumia. Kwa anayelea, basi, kujithamini hakuwezi kutupwa, na kunajengwa na upendo usio na masharti ya alama za darasani. Sifa za bure hazijengi kujithamini huko.

Kwa hiyo uchague nini

Kama umeanguka karibuni, umefeli, umeachwa, umefukuzwa, umeaibika, chagua kujihurumia na usihangaike na thamani yako kwa sasa. Zoezi ninalolipenda ni barua. Kaa na karatasi, andika kilichotokea bila kukipamba wala kukitia chumvi. Kisha jiandikie kama unavyomwandikia rafiki unayempenda aliyekusimulia jambo hilohilo. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo kuhusu siku yangu ile, nilishtuka kuona kwamba kwa rafiki nisingetumia hata neno moja kati ya yale niliyokuwa nikijiambia. Kwa anayetaka mafunzo yenye mpangilio, Neff na Christopher Germer wametengeneza kozi ya wiki 8. Walipoijaribu na kuchapisha matokeo mwaka 2013, waliohitimu walikuwa wamepata nafuu ambayo bado ilikuwepo mwaka mmoja baadaye.

Kama tatizo lako ni kujilinganisha, sura yako na za wengine, maisha yako na yale unayoyaona kwenye mitandao ya kijamii, jibu ni hilohilo. Ukichagua kujithamini utajikuta ukitafuta mtu wa kumzidi, na mtandaoni aliyekuzidi wewe hakosekani.

Kama umemkosea mtu, jihurumie kwanza, kisha nenda ukaombe radhi. Mpangilio huo una sababu. Anayekwenda kuomba radhi huku anajichukia huishia kubembelezwa na yule aliyemkosea.

Kama hujaanguka popote ila umekwama, unaogopa kuanza, jenga kujithamini, na ujenge kwa vitendo. Chagua jambo dogo unaloweza kulifanya vizuri, lifanye, ongeza kidogo. Kaa karibu na watu wanaokuheshimu, kwani ule mshale wa Leary hupandishwa na mafuta halisi. Usijenge kujithamini kwa kukariri sifa mbele ya kioo. Joanne Wood wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, alionyesha mwaka 2009 kwamba waliojithamini kidogo walipoambiwa wajirudierudie kwamba wao ni watu wa kupendeka, walijisikia vibaya zaidi kuliko wasiorudia. Waliofaidika, tena kidogo, ni wale ambao tayari walijithamini. Kinywa kikisema lisiloaminiwa na moyo, moyo hufungua faili la ushahidi.

Na kama unaishi na mtu anayekudhalilisha, nimekwisha kusema: jithamini, tafuta msaada, toka inapowezekana.

Limebaki kundi moja ambalo makala nyingi hulisahau. Wapo ambao upole kwa nafsi unawaumiza. Wakijaribu kujisemesha vizuri, kifua kinabana, machozi yanakuja, au hasira. Gilbert na wenzake waliliandikia jambo hili mwaka 2011 wakiliita hofu ya huruma, na huwapata hasa waliolelewa kwa ukali au walioumizwa na watu ambao wangepaswa kuwatunza. Kwao, wema ulikuja ukiwa na kofi nyuma yake. Kama ni wewe, usijilazimishe barua wala maneno matamu. Anza na mwili, ambao hauhitaji kuamini chochote: kunywa maji, oga, lala mapema, weka mkono kifuani ukihesabu pumzi kumi. Ukiweza, yafanye haya ukiwa na mshauri nasaha au mwanasaikolojia anayekwenda kwa mwendo wako. Na kama ile sauti ya ndani imefika mahali inakuambia bora usiwepo, usiichagulie jina la kujithamini wala la kujihurumia. Mwambie mtu mmoja leo, kwa maneno hayohayo inayokuambia, na muende pamoja hospitali.